Kuahirisha Kazi Wakati Ukurasa Unajengwa: Nani Anabaki Akisubiri?

Mfumo wa mtandaoni ulioandikwa kwa Java hujenga ukurasa kipande kwa kipande. Kichwa, menyu, fomu, jedwali na kitufe ni komponenti, na kila komponenti ina zamu yake. Zamu ikifika, hutoa sehemu yake ya HTML, kisha inayofuata huendelea. Wakati mwingine zamu hufika kabla komponenti haijapata taarifa zote inazohitaji, au taarifa hizo zinapatikana kwa kazi nzito. Hapo mtunzi wa programu huwa na njia mbili: kusimamisha kila kitu mpaka kazi iishe, au kuiahirisha. Akichagua kuahirisha, bado ana swali gumu zaidi la kuamua kazi hiyo ifanywe lini, na ni nani atakayesubiri badala yake.

Mkanganyiko wa watumiaji

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, jambo hili huonekana zaidi kupitia takwimu za afya. Tanzania ilikamilisha kusambaza DHIS2 katika wilaya zake mwaka 2013, na tangu hapo taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, zimekuwa zikiingizwa humo. DHIS2 ni mfumo wa Java ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na kwa Tanzania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na mkono mkubwa katika kuutengeneza na kuuendesha. Namba za vituo vya tiba vya Basotu au Maretadu, na za hospitali ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, zote hupita njia hiyo.

Malalamiko yanayosikika kwa watumiaji wa mifumo ya namna hii ni matatu. La kwanza: namba zimeingizwa leo, zimehifadhiwa, lakini kwenye ripoti hazionekani. La pili: ukurasa unafunguka nusu, kisha unakatika katikati ya jedwali. La tatu: kiduara kinazunguka tu, bando linaisha, na hakuna kinachotokea. Jibu la haraka kwa yote ni moja: mtandao unasumbua. Mara nyingine ni kweli. Lakini dalili hizo tatu zinaweza pia kutokana na maamuzi matatu tofauti ya kuahirisha kazi, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kosa la mjadala wenyewe, hata miongoni mwa mafundi, ni kuyaweka yote katika kapu moja.

Ukurasa unavyotoka kwenye seva

Njia ya zamani, ile ya kurasa za JSP, ni ya kumimina. HTML huingia kwenye akiba ndogo ya kumbukumbu, kwa kawaida kilobaiti 8. Ikijaa, hutumwa kwa kivinjari na nafasi huachwa wazi kwa inayofuata. Faida yake ni kwamba seva haitumii kumbukumbu nyingi na mtumiaji huanza kuona kitu mapema. Hasara yake ni kwamba kilichotumwa hakirudi. Hitilafu ikitokea katika mstari wa 25 wa jedwali, mistari 24 imeshaondoka, na seva haiwezi tena kutuma ukurasa safi wenye ujumbe wa kosa. Ukurasa nusu wa lalamiko la pili mara nyingi huzaliwa hapo.

Kumimina kuna kikwazo kingine kisichoonekana upesi: sehemu ya juu haiwezi kujua ya chini. Mfano wake mzuri ni lebo ya uga katika fomu. HTML inataka lebo itaje kitambulisho cha uga wake, ili mtu akibofya maneno "Wagonjwa wapya" kishale kiingie kwenye kisanduku husika, na ili programu inayomsomea asiyeona ijue lebo ipi ni ya kisanduku kipi. Lebo hutangulia, uga hufuata. Ikiwa kiunzi cha programu hutoa vitambulisho pale tu uga unapofikiwa, lebo inaulizwa jambo ambalo bado halijaamuliwa. Karani anayejaza fomu ya mwezi kwa kalamu ana dawa ya tatizo hilo: nafasi ya jumla iliyo juu ya karatasi huiacha tupu, hujumlisha safu za chini, kisha hurudi juu kuandika. Kwa kumimina, karatasi imeshatoka mkononi.

Kuahirisha ndani ya ombi lilelile

Tapestry, kiunzi kilichoanzishwa na Mmarekani Howard Lewis Ship mwaka 2000, katika toleo lake la 5 kilichukua njia ya karani. Ukurasa wote hujengwa kwanza kama mti wa vipande ndani ya kumbukumbu ya seva, na hautumwi mpaka ukamilike. Komponenti ya lebo huweka alama yake bila kitambulisho, hushikilia rejea ya alama hiyo, kisha humkabidhi mtunza zamu, huduma iitwayo Heartbeat (pigo la moyo), kijikazi kidogo: pigo likiisha, muulize uga kitambulisho chake, urudi ukijaze hapa.

Ufundi wa mpango huo uko katika kuamua pigo linaisha lini. Chukulia fomu yenye mistari 40, mstari mmoja kwa kila kituo, na kila mstari una uga wa "wagonjwa". Katika Tapestry, uga huo ni kitu kimoja tu kinachotumika tena na tena. Kila mzunguko hupewa kitambulisho kipya: wagonjwa, wagonjwa_0, wagonjwa_1, na kuendelea. Kama vijikazi vyote vingengoja mwisho wa ukurasa, lebo 40 zingemuuliza mtu mmoja swali moja kwa wakati mmoja, na zote zingepata jibu la mwisho. Karani angebofya lebo ya kituo cha kwanza, kishale kikaingia kwenye kisanduku cha arobaini. Ndiyo maana komponenti ya kitanzi hufungua pigo jipya mwanzoni mwa kila mstari na kulifunga mwishoni mwake. Kazi inaahirishwa, lakini haivuki mpaka wa mstari wake.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mtumiaji hahisi lolote. Ombi ni moja, jibu ni moja, hifadhidata haiguswi upya, na bando haliliwi zaidi. Hitilafu ikitokea, seva bado haijatuma chochote, kwa hiyo inaweza kutupa ukurasa mbovu na kutuma ujumbe unaoeleweka. Kwa mtumiaji aliye mbali, sifa hiyo peke yake ina thamani kubwa.

Udhaifu upo pia. Mti wa ukurasa hula kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa wa HTML yenyewe, na herufi ya kwanza huchelewa kutoka. Aidha, kijikazi kikigoma, taarifa ya kosa huonyesha mahali pigo lilipofungwa, siyo komponenti iliyoacha kazi hiyo. Fundi anayelitafuta kosa anaweza kupoteza nusu siku akichungulia mlango usio wake. Na kijikazi kinachosoma mali ya ukurasa wakati kinapotekelezwa, badala ya kuinakili wakati kinapoachwa, kinaweza kukuta imeshabadilishwa na komponenti nyingine.

Msimamo wa kumaliza kabla

Upande wa pili wa hoja husema kuahirisha ni kiraka, na kwamba muundo mzuri hauhitaji kiraka. JSF, kiunzi kingine cha Java kilichotoka mwaka 2004, hupitisha ombi katika hatua sita, na kuchora ukurasa ni ya mwisho. Kufikia hapo mti wa komponenti upo, na lebo inaweza kuutafuta uga wake ndani ya mti huo. Wicket, nacho kiunzi cha Java, ni kali zaidi. Kila mstari wa jedwali una komponenti zake halisi, kwa hiyo kitambulisho huulizwa wakati wowote, na mtu akijaribu kuongeza au kuondoa komponenti baada ya uchoraji kuanza, Wicket hukataa kwa kosa la wazi. Maandalizi yote hufanywa katika hatua zinazotangulia.

Ukali huo una faida: anayesoma programu anajua wapi pa kutafuta kazi. Gharama yake huhamia kwenye kumbukumbu, kwa sababu kurasa zenye hali, yaani zinazokumbuka mtumiaji alipofikia, hutunzwa kwa kila mtumiaji kati ya ombi moja na jingine. Na JSF ina mtego wake mashuhuri: mbinu inayotoa thamani kwa ukurasa inaweza kuitwa mara nyingi ndani ya ombi moja. Mtunzi asiyejua hilo akiweka humo swali la hifadhidata, swali moja hugeuka kumi bila mtu kuona. Kati ya msimamo huu na ule wa Tapestry, kwa kazi ndogo kama vitambulisho, tofauti kwa mtumiaji wa Dongobesh ni ndogo mno. Mafundi wamebishana hapa zaidi kuliko jambo lenyewe linavyostahili.

Kuahirisha usomaji wa data

Uzito wa kweli uko kwenye hifadhidata. Hibernate, maktaba inayounganisha vitu vya Java na majedwali ya data, ina tabia ya kutoleta mkusanyiko wa data mpaka uguswe. Orodha ya vituo huletwa. Huduma zinazotolewa na kila kituo haziletwi. Kiolezo cha ukurasa kinapofika kwenye safu ya huduma, ndipo Hibernate huuliza, kituo kwa kituo. Vituo 40 humaanisha maswali 41 badala ya moja au mawili. Kwenye kompyuta ya mtunzi, yenye vituo vitatu vya majaribio, ukurasa huruka. Wilayani hukokota.

Tena, ikiwa muunganisho na hifadhidata umeshafungwa kabla uchoraji haujaanza, kugusa mkusanyiko huo huleta kosa ambalo kila fundi wa Java amelisoma walau mara moja. Dawa iliyozoeleka ni kuuacha muunganisho wazi mpaka ukurasa umalize kuchorwa. DHIS2 na OpenMRS, mfumo ndugu wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, zote zimejengwa juu ya kiunzi cha Spring na Hibernate, na zote zimewahi kutegemea dawa hiyo. Wanaoitetea husema humwezesha mtunzi wa ukurasa kufanya kazi bila kuhesabu mapema kila atakachohitaji. Wanaoipinga husema humficha maswali anayoyauliza. Spring Boot yenyewe, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018, huiwasha dawa hiyo bila kuulizwa na papo hapo huandika onyo dhidi yake kwenye daftari la matukio la seva. Ni nadra kuona ubishi ukikiriwa waziwazi namna hiyo na chombo chenyewe.

Kuna hatari nyingine inayowahusu zaidi walio pembezoni. Ukurasa ukimiminwa huku muunganisho wa data uko wazi, kasi ya laini ya mtumiaji huanza kuamua muda ambao hifadhidata itashikiliwa. Laini dhaifu hupokea polepole. Seva husubiri ili itume kipande kinachofuata. Muunganisho, mmoja kati ya wachache waliopangiwa mfumo mzima, hukaa umeshikwa bila kazi. Watumiaji wachache wa namna hiyo wanatosha kuwasimamisha hata walio kwenye laini nzuri. Kuweka programu kama nginx mbele ya seva, ipokee jibu lote upesi kisha ilitoe kwa mtumiaji kwa mwendo wake, hupunguza madhara hayo kwa kiasi kikubwa, ila hakuondoi maswali 41.

Kuahirisha hadi ombi la pili

Hapa ukurasa hutumwa ukiwa na nafasi tupu yenye kiduara, na kivinjari hurudi kuomba kilichobaki. Wicket ina paneli ya kazi hiyo tayari. Mtunzi huiweka kwa mstari mmoja, ukurasa "hufunguka" papo hapo, na kila mtu ofisini hufurahi.

Furaha hiyo hutegemea laini. Kila paneli ni safari nyingine ya kwenda na kurudi. Katika matoleo ya zamani ya Wicket, maombi yanayogusa ukurasa mmoja wenye hali hufungiwa mlango yaingie moja moja, hivyo paneli sita hazijazwi pamoja kama wengi wanavyodhani, bali hupanga foleni. Ikichukuliwa safari moja ni sekunde moja, kiduara cha mwisho kitazunguka sekunde sita hata kama kazi ya seva ni sifuri. Laini ikikatika katikati, ukurasa hubaki na paneli tatu zilizojaa na tatu zinazozunguka, kama katika lalamiko la tatu, na mtumiaji hana namna ya kujua kama asubiri au aanze upya. Kwa kawaida huanza upya, na zile tatu zilizokwishafika hulipiwa tena.

Hata hivyo, si haki kuihukumu njia hii kwa paneli hizo pekee. Ikipelekwa mbali zaidi, programu nzima hukaa kwenye kivinjari na seva hutoa data tu. DHIS2 ya miaka ya karibuni imeelekea huko, ikiacha violezo vilivyochorwa kwenye seva. Mpango huo una zawadi ambayo uchoraji wa seva hauwezi kuitoa. Kenya ilipoweka DHIS2 mtandaoni nchi nzima mwaka 2011, ilibidi fomu ya kuingizia data iweze kutunza namba ndani ya kivinjari mtandao unapopotea na kuzipeleka unaporudi. Hapo kinachoahirishwa ni kutuma, na anayenufaika ni yule aliye na laini mbaya.

Kuahirisha hadi usiku

Kazi nzito kuliko zote ni kujumlisha: wagonjwa wa malaria wa kata zote, kwa miezi yote, kwa umri na jinsi. DHIS2 haifanyi hesabu hiyo wakati jedwali la ripoti linachorwa. Huzikusanya namba mbichi katika majedwali maalumu ya uchambuzi, kazi ambayo kwa kawaida hupangiwa usiku, na ripoti za mchana husoma humo. Matoleo ya baadaye yameruhusu majedwali hayo kuongezewa data mpya mara nyingi zaidi ndani ya siku.

Hili ndilo jibu la lalamiko la kwanza. Fomu ya kuingizia husoma namba mbichi, kwa hiyo huonyesha kilichoingizwa dakika hii. Ripoti husoma zile za jana usiku. Zote mbili zinasema kweli, ila za nyakati tofauti. Mratibu wa MTUHA asiyelijua hilo huingiza namba upya, au humpigia simu mganga mfawidhi wa zahanati kumuuliza kosa ambalo halipo.

Kwa ripoti za mwezi, kuchelewa usiku mmoja hakumuumizi mtu. Kwa dharura ni habari nyingine. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh na vijiji vya chini ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, yakaua watu zaidi ya 80, swali la siku kama ile lilikuwa la saa, siyo la mwezi: majeruhi wangapi, wako wapi, kuna dalili za kuhara katika kambi za waathirika au la. Mfumo unaojumlisha usiku unahitaji mlango wa pembeni wa hesabu ndogo zinazosomwa moja kwa moja kutoka kwenye data mbichi, hata kama mlango huo ni mzito.

Mizani

Zikipimwa kwa mazingira ya Mbulu na Hanang, njia hizi hazilingani, na mpangilio wake hutofautiana na ule wa vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya watu wenye laini za kasi. Kinachogharimu zaidi huku ni safari kati ya kivinjari na seva. Kumbukumbu ya seva inaweza kununuliwa mara moja kwa ajili ya nchi nzima; laini ya Bassodesh hainunuliwi kwa namna hiyo.

Kwa hiyo kuahirisha ndani ya ombi lilelile, kwa namna ya Tapestry, kunastahili heshima zaidi ya inayopewa: hutumia kile kilicho rahisi ili kuokoa kile kilicho ghali. Masharti yake ni mawili, kwamba kazi iwe ndogo na kwamba mpaka wake ujulikane. Ikiwa kijikazi kinagusa hifadhidata, kimeshavuka sharti la kwanza. Pia pana tahadhari moja isiyoweza kupuuzwa: mwanzoni mwa mwezi halmashauri zote nchini huingia kwenye mfumo kwa siku zilezile, na kurasa nzima zinazotunzwa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja ni mzigo. Jedwali la mistari elfu mbili ligawanywe kurasa, liwe limeahirishwa au la.

Usomaji wa data haufai kuahirishwa mpaka kwenye kiolezo. Mtunzi anajua ukurasa wake utaonyesha nini, basi na aulize hifadhidata mara moja, vyote pamoja, kabla uchoraji haujaanza. Hoja ya wepesi wa kazi, ambayo ndiyo nguzo ya watetezi wa muunganisho ulioachwa wazi, ni wepesi wa mtu mmoja kwa gharama ya kila anayefungua ukurasa huo.

Paneli za ombi la pili zibaki kwa vitu ambavyo wengi hawatavitazama, na hata hapo kitufe cha "onyesha" ni bora kuliko kiduara kinachojianzisha, kwa kuwa kitufe humwachia mwenye bando uamuzi wa kulitumia. Jumla nzito ziende usiku, mradi ripoti yenyewe iandike juu yake, kwa herufi zinazosomeka, tarehe na saa ambayo namba zake zilikusanywa. Mstari huo mmoja hauhitaji mbinu yoyote ya kuahirisha, na ungemaliza lalamiko la kwanza karibu lote.

Inabaki namna ya kupima. Ukurasa uliojaribiwa kwenye ofisi ya Dar es Salaam yenye waya wa kasi, ukiwa na vituo vitatu vya mfano, hauonyeshi maswali 41 wala foleni ya paneli sita. Vivinjari vya leo vina kifaa cha kudhoofisha laini kwa makusudi, na Hibernate inaweza kuamriwa iandike kila swali inalouliza. Jaribio lenye vituo vingi kama vya wilaya halisi, laini iliyodhoofishwa na orodha ya maswali ikiwa wazi pembeni huchukua mchana mmoja. Likifanywa kabla mfumo haujasambazwa, mtunzi huona mwenyewe ni kazi ipi aliyoiahirisha, na saa ya ukutani humwambia ni nani aliyesubiri.